Viza ya likizo: nijaze akaunti kwanza, au nifanye nini?

Swali la msomaji: Nina miaka 31, sijaolewa na sina mtoto. Nimeajiriwa mwaka wa nne sasa. Sijawahi kutoka nje ya nchi. Nataka kwenda kutembea Italia na Ufaransa siku 12 mwezi wa Septemba, kwa pesa yangu mwenyewe, kisha nirudi kazini. Mwenzangu ofisini amenyimwa viza mara mbili na anasema tatizo ni salio: nikope kwa ndugu, nijaze akaunti wiki moja kabla, nikishapata viza niwarudishie. Kuna na kijana anayesema ana mtu ubalozini, nimlipe atanipatia viza ya uhakika, hata hoteli na tiketi atatengeneza yeye. Nimechanganyikiwa. Nianzie wapi?

Dada yangu, usikope. Na huyo kijana mwenye mtu ubalozini muage kwa heshima, mapema, kabla hajaishika pasipoti yako.

Nimepitia mafaili ya waombaji viza kwa miaka mingi, yaliyokubaliwa na yaliyorudi, na kuna jambo ambalo waombaji wa mara ya kwanza hawaambiwi: ofisa hatafuti tajiri. Anatafuta safari inayomwingia akilini. Anakutazama wewe, kazi yako, kipato chako na umri wako, halafu anaitazama safari uliyoipanga, na anajiuliza kama mtu huyu kweli angeifanya safari hii, kwa pesa hii, halafu akarudi. Karatasi zote unazopeleka zinajibu swali hilo. Zikianza kupingana zenyewe kwa zenyewe, hata uwe na salio la kununulia nyumba, pasipoti itarudi vilevile ilivyokwenda.

Hayo hayatoki kichwani mwangu tu. Italia na Ufaransa zote mbili zimo katika eneo la Schengen, nchi 29 zinazotoa viza ya namna moja chini ya Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009. Kanuni hiyo inamtaka ofisa apime, pamoja na mengine, kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla viza yake haijaisha. Marekani wamekwenda mbali zaidi: kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952 kinamhesabu mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mhamiaji mpaka yeye mwenyewe amridhishe ofisa kuwa siye. Uingereza wao wanapima kama wewe ni mgeni wa kweli. Maneno yametofautiana, wasiwasi ni uleule.

Sasa tuje kwenye akaunti, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu waaminifu wanapojifanya waongo bila kujua.

Balozi nyingi huomba taarifa ya benki ya miezi mitatu, nyingine sita. Wewe ukiipokea benki unakimbilia mstari wa mwisho, salio. Ofisa anaanzia juu na kushuka na safu ya pesa zilizoingia. Tuseme, kwa hesabu nyepesi, mshahara wako ni 100. Tarehe 28 inaingia 100, jina la mwajiri liko pembeni. Kesho yake inatoka 35, kodi ya nyumba. Zinafuata 5, 8, 3, za kawaida za kuishi. Mwezi wa kwanza unamalizika akaunti ina 12, wa pili ina 25, wa tatu ina 38. Mpaka hapo ofisa ameshakujua: ni mtu anayelipwa kwa wakati na anayejibana 13 kila mwezi. Kisha siku tano kabla ya miadi inaingia 900, taslimu, haina jina la aliyeweka. Salio la mwisho ni 938.

Wewe unaona umejaza akaunti. Yeye anaona 38 na mtu aliyeazimwa 900. Mbaya zaidi, sasa anaanza kuitilia shaka hata ile miezi mitatu iliyokuwa safi. Barua ya mwajiri ambayo angeipitisha kwa jicho moja, sasa anataka kuipigia simu.

Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye safari, ndipo uiendee akaunti. Nchi nyingi za Schengen zimetangaza kiasi zinachotarajia mgeni awe nacho, na viwango vinatofautiana. Tafuta cha Italia kwenye tovuti ya ubalozi wao, kipigie hesabu kwa siku zako, kisha ongeza tiketi na malazi kama hujayalipia. Hiyo ndiyo namba yako. Ukiona ni pungufu kidogo ya ulichonacho, vizuri. Ukiona ndiyo akiba yako yote ya miaka minne mpaka senti ya mwisho, simama. Ofisa naye atajiuliza ni nani anayetumia akiba ya miaka minne kwa siku 12. Mimi ningekushauri upunguze siku. Safari ya siku 8 inayobebwa na mshahara wako bila kuhema inapita kirahisi kuliko ya siku 12 inayokufilisi, na viza ya pili huja ukiwa na ya kwanza uliyoitumia vizuri.

Kama kuna pesa kubwa iliyoingia kihalali, umeuza kiwanja, umelipwa malimbikizo kazini, umerudishiwa deni, usiifiche na usiihamishe. Weka nakala ya mkataba au karatasi ya malipo na useme kwa mstari mmoja ilitoka wapi. Pesa yenye maelezo haimsumbui mtu. Na kama akiba yako iko kwenye akaunti nyingine ya malengo, peleka taarifa za akaunti zote mbili. Nimeona watu wakiacha ushahidi wao bora nyumbani kwa sababu fomu ilisema «taarifa ya benki» kwa umoja.

Umeniandikia kwamba hujaolewa na huna mtoto, nadhani kwa sababu kuna aliyekuambia kwamba hilo peke yake linakuangusha. Haliangushi mtu. Linachofanya ni kuuhamishia uzito upande mwingine, kwenye kazi. Mtu aliyeajiriwa mwaka wa nne mahali pamoja, mwenye likizo yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, ana sababu ya kurudi ambayo ofisa anaweza kuishika mkononi. Hivyo barua ya mwajiri ndiyo nguzo ya faili lako, na barua nyingi za waajiri ninazoziona ni za aibu: «Huyu ni mfanyakazi wetu, tunaomba apewe ushirikiano.» Ushirikiano upi? Barua inatakiwa iseme cheo chako, tarehe uliyoajiriwa, mshahara wako, tarehe za likizo na siku ya kuripoti kazini, tena iwe na jina la aliyesaini, cheo chake na namba ya simu inayopokelewa. Hilo la simu usilione dogo. Mwambie mtu wa utumishi na mtu wa mapokezi kwamba huenda ubalozi ukapiga. Nimeshuhudia faili zuri likiingia dosari kwa sababu aliyepokea simu alisema, «Huyo? Mbona hayupo,» naye alikuwa amekwenda kula.

Angalia pia mshahara ulioandikwa kwenye barua na ule unaoingia benki. Mara nyingi barua inataja mshahara kabla ya makato, benki inaonyesha uliobaki. Kwako ni jambo la wazi, kwa mtu asiyejua makato ya kwenu ni namba mbili zisizolingana. Ambatisha hati za mshahara za miezi ileile mitatu, kila kato linaonekana, na suala limekwisha.

Kisha andika barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja. Usiapie kwamba utarudi. Barua za kuapa nimezisoma nyingi, «nawaahidi mbele ya Mungu», na zinamfanya msomaji ajiulize kwa nini mtu huyu ana wasiwasi hivyo. Usisifie ustaarabu wa Ulaya pia. Sema mambo kwa tarehe. Kwa mfano:

«Nimepewa likizo ya mwaka kuanzia tarehe 7 hadi 22 Septemba. Nitafika Roma tarehe 8. Nitalala usiku saba Italia, minne Roma na mitatu Florence, kisha usiku minne Paris. Nitaondoka Paris tarehe 19 na nitaripoti kazini tarehe 23. Safari naigharimia mwenyewe kutokana na mshahara na akiba, kama taarifa za benki zilizoambatishwa zinavyoonyesha. Hii ni safari yangu ya kwanza nje ya nchi.»

Hiyo sentensi ya mwisho iache. Kuwa na pasipoti isiyo na mhuri si kosa, na kuitaja mwenyewe ni bora kuliko kusubiri iulizwe. Watakuambia uanze kwanza kuzungukia nchi zisizohitaji viza ili upate mihuri. Inasaidia kiasi, kama ulikuwa unataka kwenda huko hata hivyo. Kutumia pesa ya Roma kununua mihuri ni biashara ya hasara.

Umeona kwenye mfano nimehesabu usiku, saba na minne. Sina maana ya kujaza karatasi. Ombi la Schengen hupelekwa kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa mpango huo ni Italia, hata kama ndege yako ingetua Paris kwanza. Siku zikilingana ndipo unaomba kwa nchi utakayoingilia. Wapo wanaotafuta ubalozi unaosifika kuwa mlaini, wanapata viza ya nchi A, halafu hoteli zote ziko nchi B. Ofisa anayelinganisha ratiba na malazi hulibaini hilo ndani ya dakika mbili, na asipolibaini yeye, anaweza kulibaini askari wa mpakani unapomwonyesha unakolala.

Kuhusu muda, Kanuni inaruhusu ombi lipelekwe kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisicheleweshwe chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 za kalenda, lakini ofisa akihitaji kuchunguza zaidi anaweza kufika 45. Kwa safari ya tarehe 8 Septemba mlango wako unafunguka Machi. Tatizo ni miadi. Miezi ya kiangazi cha Ulaya kila mtu anataka kwenda, nafasi zinakwisha, na huko ndiko vishoka wanakovunia. Ungekuwa mdogo wangu ningetaka faili lako liwe dirishani kufikia Juni. Hapo hata zikifika 45 hutakosa usingizi.

Tiketi usiinunue kabla ya viza, labda iwe ya kurudishiwa pesa. Kinachotakiwa ni uhifadhi wa nafasi, wa kwenda na wa kurudi, wenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Hoteli vilevile, zile zinazokubali kufutwa bila malipo. Ila ziache hai mpaka uamuzi utoke. Mtu anahifadhi vyumba, anachapa karatasi, jioni anafuta zote ili asisahau. Ubalozi ukiuliza hoteli, hoteli inasema hatumjui.

Bima ya safari nayo ina masharti yake kwa Schengen: kinga isiyopungua euro 30,000, ihudumie matibabu ya dharura, hospitali na kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo, ifanye kazi katika nchi zote za eneo hilo, na ifunike siku zote utakazokuwa huko. Hapa nikuambie yaliyonipata mimi, maana yananitia haya mpaka leo.

Ombi langu la kwanza ndege ya kurudi ilikuwa inaondoka saa 6:40 usiku. Nikampigia mtu wa bima, nikamwambia kwa Kiswahili changu safi: narudi Jumamosi usiku. Akaandika bima mpaka Jumamosi. Kumbe kwenye tiketi ni 00:40, na saa ile kwa kalenda yao ni Jumapili. Sisi usiku ule bado tunauita wa Jumamosi, au tunasema usiku wa kuamkia Jumapili na tunaelewana, tiketi haielewi. Karani dirishani akaweka karatasi mbili sambamba, akazungushia tarehe mbili kwa kalamu, akanigeuzia bila kusema neno. Dakika arobaini tu nje ya bima, nikapoteza miadi, na iliyofuata ilikuwa baada ya wiki tatu. Tangu siku hiyo kila tiketi ya usiku naisoma kwa tarehe, na kila bima naongeza siku moja mbele na moja nyuma. Bei haibadiliki sana. Na miadi yako ikisema 09:00, hiyo ni saa tatu asubuhi. Usicheke, wapo waliofika saa tisa mchana.

Yaliyobaki ni ya kuhakikisha tu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. (Nchi nyingi za kwingineko zinataka miezi 6, kwa hiyo ikibaki chini ya mwaka mimi naibadilisha.) Picha ni milimita 35 kwa 45, Marekani wanataka ya mraba, 51 kwa 51. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024, watoto wa miaka 6 hadi chini ya 12 ni euro 45, na hairudishwi ukinyimwa. Alama za vidole vyote kumi zitachukuliwa, na hutumika tena kwa maombi yatakayofuata ndani ya miezi 59. Hati ambazo haziko katika lugha wanayoikubali zipeleke kwa mfasiri anayetambulika. Jina lako liwe na herufi zilezile kila mahali. Kama benki wamekuandika kwa jina moja la ziada, waombe barua fupi.

Siku ya miadi utakutana na kituo cha kupokelea maombi, si ubalozi wenyewe. Nchi nyingi zimewapa kazi hiyo makampuni kama VFS Global au TLScontact. Wao wanapokea karatasi, wanachukua vidole, wanapokea ada na kurudisha pasipoti. Hawaamui. Aliye dirishani akikuambia «hii itapita» au «hii haitapita», ni maoni ya mtu anayeona mafaili mengi, si uamuzi. Akikuambia karatasi fulani inakosekana, hapo msikilize.

Ukiulizwa maswali, hapo au kwa simu, jibu lililoulizwa na unyamaze. «Unakwenda kufanya nini Italia?» «Kutembea, siku saba, Roma na Florence, likizo yangu ya mwaka.» Inatosha. Kwa Marekani mahojiano ndiyo hasa mtihani, ni ya dakika chache, na mara nyingi ofisa haombi hata karatasi moja ya zile ulizokumbatia. Ameshasoma DS-160, fomu yako ya kuombea viza, na anasikiliza kama unachosema kinafanana nayo. Ndiyo maana fomu usijaziwe na mtu mwingine. Ukijaziwa, isome neno kwa neno kabla ya kutuma, maana mwenye kuijibia ni wewe.

Hapo tumemrudia yule kijana.

Viza ya uhakika haipo, kwa sababu hata balozi mwenyewe hawezi kukuahidi. Anachokuuzia ni kimojawapo kati ya viwili. Aidha atakujazia fomu na kukupangia miadi, kazi ambayo ungeifanya mwenyewe kwa jioni mbili, kisha ukipata viza aseme ni «mtu wake» na usipopata aseme bahati yako mbaya. Au atakutengenezea karatasi: hoteli hewa, tiketi hewa, na akiona akaunti yako nyembamba, taarifa ya benki ya kuchora. Hii ya pili ndiyo inayoniogopesha, kwa sababu kunyimwa kwa upungufu wa pesa ni jambo la kurekebishika mwezi ujao, lakini kunyimwa kwa hati ya uongo kunakuandama. Uingereza wakithibitisha udanganyifu wanaweza kukufungia mlango miaka 10. Canada ni miaka 5. Marekani mtu aliyedanganya kwa makusudi juu ya jambo la msingi anazuiwa maisha, mpaka apewe msamaha maalumu. Na haitasaidia kusema «ni kishoka alijaza», saini ni yako.

Mshauri anayefaa utamjua hivi: anakuomba uone kila karatasi kabla haijakwenda, anakuambia bila kuuma maneno kwamba uamuzi si wake, na wakati mwingine anakuambia usiombe mwaka huu.

Sasa huyo mwenzako wa ofisini. Muombe, kama mnaaminiana, akuonyeshe barua alizopewa aliponyimwa. Schengen hawanyimi kimyakimya. Kuna fomu maalumu yenye orodha ya sababu, na ile inayomhusu mwombaji imewekwa alama. Kuna ya pesa kutotosha, kweli ipo. Lakini ipo pia inayosema madhumuni na mazingira ya safari hayakuthibitishwa, ipo ya taarifa zisizoaminika, na ipo ile ya shaka ya msingi kama mwombaji ataondoka. Ukikuta alama iko kwenye mojawapo ya hizo tatu, pesa ya kukopa isingemponya, na pengine ndiyo iliyomwangusha mara ya pili. Mtu akinyimwa husikia sauti moja tu, «huna hela», kwa sababu hiyo inauma kidogo kuliko «hatukuamini».

Ikikutokea wewe, usipeleke faili lilelile wiki inayofuata ukitumaini ofisa mwingine. Soma alama, rekebisha hilo, na kama hakuna kilichobadilika subiri kibadilike. Una haki ya kukata rufaa kwa nchi iliyokunyima, na utaratibu wake umeandikwa kwenye fomu hiyohiyo, ila kwa safari ya likizo ombi jipya lililonyooka mara nyingi ni la haraka zaidi. Kanuni inasema wazi kwamba kunyimwa mara moja hakumaanishi ombi linalofuata linyimwe papo hapo. Ila usifichefiche kwamba ulinyimwa. Nchi za Schengen zinatumia mfumo mmoja wa taarifa za viza, ofisa wa Ufaransa anaiona historia yako ya Italia, na fomu za Uingereza na Canada zinauliza bayana kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote. «Ndiyo» yenye maelezo ya mistari miwili haimnyimi mtu viza. «Hapana» ya uongo inamnyima.

Tuseme umepata. Pasipoti imerudi ndani ya bahasha na moyo unakwenda mbio. Usiondoke pale kituoni. Fungua ukurasa wenye stika ya viza, simama pembeni ya dirisha, usome polepole. Kuna tarehe ya kuanza na ya kuisha, kuna idadi ya kuingia, na kuna namba ya siku za kukaa, na hii ya mwisho ndiyo inayowaponza watu. Ukiomba siku 12 unaweza kukuta tarehe zinakwenda siku 27, kwa sababu wanaongeza siku 15 za tahadhari ndege ikisogezwa. Lakini pale kwenye siku za kukaa pameandikwa 12, na ni 12 hizo, siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Ratiba yetu ya tarehe 8 hadi 19 inazimaliza zote. Siku hizi hakuna wa kusahau kukuhesabia: tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuingiza wageni kwenye mfumo wa kielektroniki unaokokotoa siku zenyewe. Idadi ya kuingia ikiwa 1, usijipe safari ya kando kwenda London ukidhani utarudi Paris kupanda ndege. Ukishatoka umetoka, na London yenyewe inataka viza yake.

Viza pia haimfungi mikono askari wa mpakani. Anaweza kukuuliza upya unakwenda wapi, utalala wapi, una pesa gani, na akakurudisha asiporidhika. Beba nakala za hoteli, bima, tiketi ya kurudi na barua ya mwajiri kwenye mkoba wa mkononi, usizifungie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Angalia na njia yako: ukibadilisha ndege katika nchi ya tatu, huenda nayo ikataka viza ya kupitia.

Mwisho kabisa, pale kwenye stika, linganisha jina, namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa na ukurasa wako wa picha, herufi kwa herufi. Ukikuta kosa, hata la tarakimu moja, rudisha dirishani dakika hiyohiyo wakati bahasha bado iko mkononi mwako.